Usingizi Usipokuja: Mada kwa Kamati za Sharika za Kibaha na Kisarawe

(Mada hii ilitolewa na Mratibu wa Miradi wa dayosisi katika semina ya kamati za sharika za Kibaha na Kisarawe. Tumeichapa kama ilivyosomwa, kwa faida ya wajumbe ambao hawakuweza kuhudhuria na kwa marafiki zetu wafadhili.)

 

Awali ya yote tunawashukuru kwa kufika, hasa ninyi mliotoka Maneromango na vijiji vya ndani zaidi, ambao tunajua mmeamka usiku ili mwahi gari. Ratiba mliyonayo mkononi inasema mada hii ni ya afya ya jamii, na pengine wengi mlitegemea tuzungumzie vyandarua, lishe au maji safi. Leo tunaomba tuzungumzie usingizi. Mgeni wetu mmoja ameuliza asubuhi hii wakati wa chai, usingizi unahusiana nini na maendeleo? Ni swali la haki na tutajitahidi kulijibu.

Jibu letu linatokana na ziara za vikundi. Tunapotembelea vikundi vya kuweka na kukopa, iwe Mlandizi, Visiga na Kongowe au upande wa Msanga na Maneromango, tunauliza habari za afya, na majibu ya kwanza huwa yale yale: malaria, presha, mgongo. Lakini hesabu zikishafungwa na watu wakianza kutawanyika, hubaki mama mmoja nyuma akikunjakunja kanga yake, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mimi usiku silali." Mwaka huu tumelisikia neno hilo mara nyingi mno kuliko kulipuuza. Amelisema mjane mwenye wajukuu wanne, dereva wa lori, kijana wa kiwandani anayebadilishiwa zamu kila wiki, na hata mhasibu wa kikundi ambaye daftari lake lilianza kuwa na makosa ya kujumlisha.

Mtu asiyelala hukosa subira na watoto, husahau, hukosea hesabu, na akiwa nyuma ya usukani katika Barabara ya Morogoro anaweza kuua. Huo ndio uhusiano wa usingizi na maendeleo. Lakini kilichotusukuma hasa kuleta mada hii ni namna watu wetu wanavyojitibu. Wapo wanaokwenda duka la dawa na kununua vidonge vya diazepamu bila cheti, wapo wanaokunywa piritoni kila usiku ingawa hawana mafua wala mzio, na wapo wanaotegemea tembo la mnazi. Tutarudi kwa hayo.

Kwanza tuondoe hofu. Watu wengi wameambiwa kwamba asiyelala saa nane mfululizo ni mgonjwa, nao hulala wakihesabu saa. Tunao ndugu zetu wa hapa hapa Tanzania waliotupa somo zuri. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliohusu Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, pamoja na Wasan wa kusini mwa Afrika na Watsimane wa Bolivia, watu wanaoishi bila umeme. Ilionekana kwamba walilala kwa wastani wa saa kati ya 5.7 na 7.1 kwa usiku, na waliolalamika kukosa usingizi walikuwa wachache mno. Tena hawalali mara jua linapozama, bali kwa wastani zaidi ya saa tatu baadaye, wakati hewa ya usiku imeanza kupoa. Mwaka 2017 watafiti wengine walichapisha habari za Wahadzabe watu wazima 33 waliovaa kifaa kidogo cha kupimia usingizi mkononi kwa siku 20. Katika saa zaidi ya 220 zilizopimwa, ni dakika 18 tu ambazo wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja. Kwa wastani, wakati wowote ule zaidi ya theluthi moja yao walikuwa macho au katika usingizi wa mang'amung'amu. Watafiti hao walifikiri kwamba ndivyo kambi ilivyolindwa tangu zamani, bila mtu kupangiwa zamu. Kwa hiyo, bibi anayeamka saa tisa usiku akakaa macho kidogo, kisha akalala tena, hana ugonjwa. Wenye taabu ni wale wanaokosa usingizi angalau usiku tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu au zaidi, na mchana wao ukaharibika kwa sababu hiyo.

Kwa watu hao yapo mambo ya kufanya, na hayahitaji fedha. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilielekeza kwamba mtu mzima mwenye tatizo hili la muda mrefu aanze na mafunzo ya kubadili mazoea na fikra kabla ya kupewa vidonge. Mafunzo hayo ni ya zamani kuliko maelekezo yenyewe. Mwanasaikolojia Richard Bootzin alieleza sehemu moja mwaka 1972, na Arthur Spielman na wenzake wakaeleza nyingine mwaka 1987. Sisi tumeyachukua na kuyaweka katika mazingira ya nyumba zetu, maana yaliandikwa kwa watu wenye vyumba vingi.

Alilofundisha Bootzin ni hili. Kitanda hujifunza. Ukigaragara juu yake saa tatu kila usiku, mwili unazoea kwamba hapa ni mahali pa kugaragara, na ndiyo maana mtu husinzia vizuri kwenye kiti mbele ya redio lakini akipanda kitandani macho yanakuwa makavu. Basi panda kitandani pale tu usingizi unapokuja wenyewe. Ukiona umekaa macho muda unaokaribia dakika ishirini, kwa kukisia na bila kutazama saa, ondoka kitandani. Kaa mahali pengine, mwanga uwe hafifu, fanya jambo la kuchosha kidogo kama kuchambua mchele wa kesho au kushona kifungo. Macho yakiwa mazito, rudi. Usipolala tena, toka tena. Usiku wa kwanza utachukia, na wa pili pia. Wanaovumilia wiki mbili au tatu ndio wanaoona tofauti.

Hapo Kibaha tuliulizwa swali ambalo vitabu havikulijibu: mtu aliyepanga chumba kimoja, anakaa na mke na watoto watatu, atatoka aende wapi? Kitanda chake ndicho kochi lake, meza ya kulia na ofisi. Tulikaa na kikundi kimoja wakapata jibu wenyewe. Mchana wote kitanda kinatandikwa na hakikaliwi. Watu wanakaa kwenye mkeka au kigoda. Usiku, asiyelala anashuka kwenye mkeka ule ule, amejifunika shuka mpaka miguuni kwa ajili ya mbu, na taa haiwashwi. Kinachotakiwa ni kitanda kiachwe kwa usingizi, hata kama mtu amesogea hatua moja tu.

Jambo la pili ni saa ya kuamka. Mtu aliyekosa usingizi hujaribu kulipa deni kwa kulala mapema au kuamka saa tatu asubuhi siku ya mapumziko. Tunashauri kinyume chake. Chagua saa moja ya kuamka, uishike siku zote saba, hata kama umelala vibaya, kisha toka nje upate mwanga wa jua. Mwili una saa yake ya ndani, na waliochambua utendaji wake, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017. Mwanga wa asubuhi ndio unaoirekebisha saa hiyo, na kwetu huku mwanga huo haununuliwi.

La tatu ni gumu kidogo, na tunaomba mlisikilize vizuri kabla ya kulifundisha. Yule mjane tuliyemtaja alikuwa akipanda kitandani saa 2:30 usiku na kuamka saa 11 alfajiri. Hiyo ni saa nane na nusu kitandani. Tulipomsaidia kuandika kwa wiki mbili, ilionekana analala kama saa tano na nusu, na zile tatu nyingine anazipitisha akitazama paa. Tulimshauri asipande kitandani kabla ya saa 5:30 usiku, na kuamka abaki na saa yake ile ile ya 11. Alishangaa: amekuja kuomba usingizi, tunampunguzia kitanda! Lakini mwili ukikusanya uchovu wa kutosha, usingizi huja haraka na kukaa. Anapoona sehemu kubwa ya muda wa kitandani analala kweli, anaongeza dakika 15 kwa wiki, akipanda saa 5:15, halafu saa 5:00, na kuendelea. Muda wa kitandani usipunguzwe chini ya saa tano. Na jambo hili lisifundishwe kwa dereva, mwendesha bodaboda au mtu wa mashine bila kumwona mtaalamu wa afya, wala kwa mwenye kifafa, mjamzito, au mwenye ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka kwa hisia, kwa kuwa siku za mwanzo mtu husinzia sana mchana.

Tuseme kidogo juu ya joto, maana tuko Pwani. Mtu anapoelekea kulala, joto la ndani ya mwili hushuka kidogo, na usingizi huja pamoja na kushuka huko. Nyumba ya mabati isiyo na dari hubaki tanuri hadi saa nne au tano usiku katika miezi ya Desemba hadi Machi. Kuoga maji ya vuguvugu saa moja au mbili kabla ya kulala husaidia, kwa sababu damu huja kwenye ngozi na mwili ukapoa baadaye. Fungueni madirisha yenye wavu mapema jioni. Lakini tafadhali, chandarua kisitolewe kwa sababu ya joto, na wanaolala barazani wakati wa kaskazi walale nacho. Malaria nayo haimlazi mtu.

Chai na kahawa tutapita haraka kwa kuwa mnazijua. Nusu ya kichangamsho kilichomo hubaki mwilini saa tano au zaidi baada ya kunywa, hivyo kahawa chungu ya kijiweni saa 12 jioni bado inafanya kazi saa tano usiku. Vinywaji vya kuongeza nguvu wanavyokunywa vijana wa bodaboda ni vivyo hivyo. Usingizi wa mchana uwe mfupi, dakika ishirini au thelathini, kabla ya saa tisa alasiri. Simu iachwe mbali na mto. Kamati za sharika nazo zitusaidie: yale makundi ya WhatsApp ya kwaya na ujenzi yanayotuma ujumbe wa michango saa tano usiku hayasaidii usingizi wa mtu ambaye hajachanga.

Hapo tumegusa kiini chenyewe. Wengi hawalali kwa sababu ya mawazo: ada ya shule, marejesho ya mkopo, mtoto aliye Dar es Salaam asiyepiga simu. Kumwambia mtu "usiwaze" ni kupoteza maneno. Tunachofundisha ni kuyapa mawazo saa yake. Saa 12 jioni, kabla giza halijaingia, mtu akae na daftari robo saa, aandike kila linalomsumbua, na mbele yake aandike hatua moja ya kesho. Si lazima iwe suluhisho. "Kesho nitamwona mwalimu mkuu" inatosha. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, walichapisha jaribio la vijana 57. Nusu yao waliandika mambo wanayotakiwa kufanya siku zijazo kwa dakika tano kabla ya kulala, wengine wakaandika yale waliyokwisha kuyafanya. Wa kwanza walilala mapema kuliko wenzao kwa dakika tisa hivi, na walioandika kwa kirefu na kwa kinaganaga ndio waliolala upesi zaidi. Asiyejua kuandika amweleze mwenzake, au ahesabu kwa vidole. Tumeona bibi mmoja akitumia punje za mahindi, punje moja kwa kila shaka, akazifunika kwa bakuli mpaka asubuhi. Vitabuni hatujaikuta njia hiyo, nasi hatukumkataza.

Kitandani kwenyewe, mwili unaweza kusaidiwa. Kaza misuli ya miguu kwa kuhesabu hadi tano, kisha ilegeze kabisa. Panda kwenye mapaja, tumbo, mikono, mabega, hadi uso. Vuta pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi. Na wapo ambao kwao njia bora ni kuacha kuutafuta usingizi: lala chali gizani, macho wazi, ujiambie utakaa macho kwa utulivu tu. Usingizi hukimbia anayeukimbiza.

Sasa turudi kwenye vidonge na pombe. Mnazi humlaza mtu upesi na kumwamsha saa nane usiku akiwa na kiu na moyo ukimwenda mbio. Piritoni huleta uzito wa asubuhi, na kwa wazee huweza kuleta kuchanganyikiwa na kuanguka. Diazepamu ni dawa halali mikononi mwa daktari kwa muda mfupi, lakini ikinywewa kila usiku mwili huizoea, hudai kingi zaidi, na usingizi wenyewe hauji bila yake. Tunasisitiza: aliyeinywa kwa muda mrefu asiiache ghafla, kwani anaweza kupata degedege. Aende Hospitali ya Tumbi, hospitali ya wilaya Kisarawe au kituo chake cha afya, apunguziwe kidogo kidogo. Mjumbe wa kamati akimnyang'anya mtu vidonge kwa nia njema anaweza kumdhuru.

Kuna jambo jingine ambalo upande wa Kisarawe limetugusa sana, nalo ni jinamizi. Mtu anaamka usiku, anaona na kusikia, lakini hawezi kusogeza hata kidole, na anahisi kitu kimemkalia kifuani. Tukiwa ndotoni mwili hulegezwa usiruke na ndoto. Mara nyingine akili huamka kabla mwili haujafunguliwa. Hutokea zaidi kwa mtu asiyelala vya kutosha na anapolala chali, na hupita baada ya muda mfupi. Hilo ndilo jinamizi. Lakini mkulima aliyekesha wiki nzima shambani akifukuza nguruwe pori, akakabwa hivyo usiku anaporudi nyumbani, anaweza kuambiwa kwamba jirani yake fulani ndiye aliyemkalia, na jirani huyo kwa kawaida ni bibi kizee anayeishi peke yake. Tunaomba wazee wa kanisa walieleze jambo hili waziwazi katika jumuiya, kwa kuwa hapa ukosefu wa usingizi unaweza kumgharimu mtu mwingine maisha yake. Wenye mashamba wapange zamu za ulinzi, ili kila mmoja apate usiku kadhaa mfululizo nyumbani kwake.

Vilevile zipo dalili zinazotaka daktari wala si daftari. Anayekoroma sana na kukatika pumzi usingizini. Anayeamka kukojoa mara nne au tano, maana inaweza kuwa sukari au tezi dume. Anayetumia dawa za presha zinazoongeza mkojo aulize kama anaweza kuzinywa asubuhi, na anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ambaye usingizi ulipotea alipoanza dawa asiziache, bali aulize kliniki kuhusu saa ya kuzinywa. Na yule anayeamka alfajiri kila siku akiwa na huzuni nzito, au anayesema heri angekufa, apelekwe siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba imani yake ni ndogo ni ukatili, hata kama anayesema ana biblia mkononi.

La mwisho linatuhusu sisi wenyewe. Vipaza sauti. Zipo kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, nazo hazikuwekwa kwa ajili ya baa peke yake. Mkesha ni jambo jema, lakini spika iliyoelekezwa kwenye nyumba za watu hadi saa kumi alfajiri inamkesha pia mtoto mchanga, muuguzi aliyetoka zamu, na Mwislamu jirani anayesubiri adhana. Tunapendekeza ifikapo saa nne usiku spika za nje zizimwe na zibaki za ndani, na kila sharika lipeleke pendekezo hili kwenye baraza lake kabla ya robo ijayo. Tunajua wapo wasiolipenda. Tumeshasikia minong'ono hapo nyuma.

Kwa wafadhili wetu: kazi hii haina jengo la kupiga picha wala kibao cha kuzindua. Inahitaji madaftari, kalamu na nauli za wahamasishaji, na tumeiingiza katika fungu la afya lililopo bila kuomba nyongeza.

Kwa kamati: kila sharika litachukua madaftari kumi mlangoni. Anayejiandikisha ajaze kila asubuhi, kabla ya chai, saa aliyopanda kitandani, saa anayokisia alilala, mara alizoamka na saa aliyoondoka kitandani. Asitazame saa usiku ili ajaze vizuri, makisio yanatosha. Baada ya wiki mbili muuguzi wetu atapita, Kibaha siku ya Jumanne na Kisarawe Alhamisi, na atakaa na kila mmoja peke yake. Majina hayatasomwa kanisani. Kikao chetu kijacho tumekisogeza kutoka saa mbili asubuhi hadi saa nne, ili wanaotoka Maneromango wasiamke tena saa tisa usiku kuja kusikiliza habari za usingizi.

 Tunakaribisha maswali.